Tarehe ya Wachoraji wa Tufani, Kutoka Haarlem Hadi Ziwa Letu

Shieywe haina bahari. Ni sehemu ya mji wa Kakamega, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa hapa anayetaka kuonja maji ya chumvi hana budi kuikata nchi nzima hadi Mombasa. Tufani, hata hivyo, tunazo. Mvua ya Kakamega hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja alasiri pamoja na radi: mchana upepo wa Ziwa Viktoria hupanda kutoka Kisumu, ukakutana na upepo wa mashariki kwenye miinuko ya Nandi, wingu likasimama, kisha likatumwagikia. Usiku mambo hugeuka. Pepo za nchi kavu huteremka kutoka kila upande, zikagongana katikati ya maji, na radi ikahamia huko, juu ya vichwa vya wavuvi. Mkazi wa Shieywe na mvuvi wa Port Victoria wanapokezana hali ya hewa ile ile, huyu mchana, yule usiku.

Tarehe hii ya wachoraji wa tufani na vyombo vilivyovunjika nimeiandika kwa ajili ya wasomaji wa huku bara, hasa wale wanaoshika brashi. Kwa sehemu kubwa ni ya Waholanzi, kwa kuwa wao ndio walioifanya kazi hii kuwa fani. Na Waholanzi si wageni kabisa kwetu. Mapadri wa shirika la Mill Hill, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1866 lakini likapata vijana wengi kutoka Uholanzi, walifungua misheni ya Mukumu mwaka 1906, kwenye barabara ya kutoka Kakamega kwenda Kisumu. Walihubiri, kama wanavyohubiri mapadri na wachungaji wetu hadi leo, habari za wanafunzi waliopigwa na dhoruba katika ziwa la Galilaya huku Bwana wao amelala shetrini. Hadithi hiyo tutaikuta mbele, imechorwa na mkono wa Mholanzi.

Mwisho wa karne ya 16 Uholanzi ilikuwa nchi changa iliyokuwa vitani na Hispania. Sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, na chakula chake kililetwa na meli: nafaka kutoka Baltiki, samaki wa heringi kutoka Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1602 likaundwa Shirika la Uhindi Mashariki, VOC, na meli zikawa zinakwenda mpaka Java. Ilikuwa shida kupata nyumba isiyokuwa na mtu majini au fedha majini. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yalikuwa yameondoa picha za watakatifu, na wachoraji waliozoea kulishwa na kanisa wakalazimika kuuza kwa watu wa kawaida, wafanyabiashara na mafundi, wapika pombe na waoka mikate. Watu hao waliponunua picha ya kutundika ukutani walitaka kuona kile walichokiwaza usiku upepo ulipovuma.

Walikuwa na sababu ya kukiwaza. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1593, meli zipatazo 150 zilikuwa zimetia nanga karibu na kisiwa cha Texel zikingoja upepo wa kusafiria. Dhoruba ikazikuta pale pale. Zipatazo 40 zilipotea, na mabaharia waliokufa wanahesabiwa kuzidi 1,000. Mmoja wa waliopata hasara alikuwa Roemer Visscher, mfanyabiashara wa nafaka wa Amsterdam. Binti yake alipozaliwa Machi 1594 alimpa jina la Maria Tesselschade, hasara ya Texel. Sisi tunaowaita watoto kina Wafula na Nafula kwa kuwa walizaliwa wakati wa mvua hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mtoto huyo alikua akawa mshairi wa kuheshimiwa, na maisha yake yote alilibeba jina la dhoruba iliyotokea miezi mitatu kabla hajazaliwa.

Baba wa fani ni Hendrick Vroom wa Haarlem, aliyefariki mwaka 1640. Tunayajua maisha yake kwa sababu Karel van Mander aliyaandika katika kitabu chake cha wachoraji kilichotoka mwaka 1604, wakati Vroom mwenyewe yu hai. Alikuwa kijana aliyezunguka Ulaya akitafuta riziki. Alipanda meli ya kwenda Hispania akiwa amebeba picha za kidini alizotaka kuuza huko, na meli ikavunjika kwenye miamba ya pwani ya Ureno. Watu wa pwani waliwadhania manusura kuwa maharamia wa Kiingereza, mpaka picha zile zilipotupwa ufukoni na mawimbi. Walipoona sura za watakatifu walisema hawa ni Wakristo wenzetu, wakaenda kuwaokoa. Vroom akaichora dhoruba ile, akaiuza kwa bei nzuri huko huko Ureno. Alipotaka kurudi kwao alipanda meli, moyo ukamkataza, akashuka. Meli ikaondoka bila yeye, ikapotea. Haarlem walikwisha kumhesabu miongoni mwa wafu.

Hivyo mchoraji wa kwanza wa tufani alikuwa mtu aliyewahi kuzama, na hilo linaonekana katika kazi yake kwa namna isiyotarajiwa: anazijua meli. Kila kamba iko mahali pake, kila foromali, kila bendera. Alisanifu mazulia 10 ya ukutani yaliyoonyesha kushindwa kwa manowari za Hispania mwaka 1588, yakafumwa Delft kwa amri ya jemadari wa Kiingereza, Howard. Yalitundikwa katika jumba la Bunge la Uingereza mpaka moto wa mwaka 1834 ulipoyala. Lakini bahari ya Vroom ina upungufu. Mawimbi yake ya kijani yamepangwa kwa mistari, na mtazamaji huyaona kutoka juu, kama aliyepanda mnara. Haloi.

Aliyetulowesha ni Jan Porcellis, na hapa nitakaa kidogo, maana kwangu ndiye mkubwa wao wote. Alizaliwa Ghent miaka ya 1580, na familia yake ikahamia Rotterdam wakati wa vita. Hakuwa na bahati ya fedha. Mwaka 1615 alifilisika, akaenda Antwerp, akatia sahihi mkataba na fundi mapipa aitwaye Adriaen Delen: Porcellis atachora picha 40 za vyombo kwa wiki 20, na Delen atatoa mbao na rangi. Picha mbili kila wiki! Mtu mwingine angeharibu kazi. Porcellis, naamini, alijifunza katika haraka ile kitu ambacho Vroom hakukijua kamwe, nacho ni kuacha. Aliacha rangi nyingi, akabaki na kijivu, kahawia na nyeupe kidogo. Aliacha manowari zenye dhahabu, akachukua mashua ya wavuvi yenye tanga moja. Aliteremsha mstari wa upeo wa macho mpaka robo au theluthi ya chini ya ubao, na sehemu yote iliyobaki akayapa mawingu.

Namna ya kufanya ilikuwa hivi. Ubao wa mwaloni ulisuguliwa, ukapakwa chokaa iliyochanganywa na gundi, halafu rangi ya kahawia nyembamba sana. Anga lilichorwa upesi rangi ikiwa bado mbichi, brashi ikienda kimshazari kama upepo unavyokwenda, na mahali pengine ule wekundu wa mti uliachwa uonekane, ukafanya kazi ya mwanga. Wimbi la mbele lilitiwa giza, kama kivuli cha wingu ambalo halimo katika picha. Nyuma yake ukaja ukanda mmoja wa maji yaliyoangaziwa. Chombo kiliwekwa mpakani, nusu gizani na nusu kwenye mwanga, ili jicho lisijue kama kinaokoka au kinapotea. Povu lilikuja mwisho, kwa mguso mmoja mmoja wa rangi nyeupe nzito. Katika jumba la Mauritshuis mjini Den Haag iko picha yake ya mwaka 1631 ya meli iliyovunjika karibu na ufuko. Ni ndogo, na anga limeimeza karibu yote. Mwaka uliofuata Porcellis alifariki. Rembrandt alikuwa na kazi zake kadhaa nyumbani, na Jan van de Cappelle, mchoraji tajiri aliyemiliki kiwanda cha kutia nguo rangi, alizikusanya kwa wingi. Wachoraji wanaponunua picha za mwenzao, hukumu imekwisha kutolewa.

Rembrandt mwenyewe alichora bahari mara moja tu, na haikuwa bahari bali ziwa: Kristo katika dhoruba ya Galilaya, mwaka 1633. Mashua imeinuka, tanga limepasuka, wanafunzi wengine wanapigana na kamba na mmoja anatapika ukingoni. Ukihesabu watu utawapata 14, mmoja zaidi ya Yesu na thenashara, na huyo wa ziada, anayetutazama huku ameshika kofia, ana uso wa Rembrandt. Picha hiyo iliibwa Boston tarehe 18 Machi 1990 kutoka jumba la Isabella Stewart Gardner, na haijapatikana. Fremu yake tupu imeachwa ukutani.

Baada ya Porcellis alikuja Simon de Vlieger, aliyefariki mwaka 1653, na katika picha zake huonekana miamba. Jambo hili lisipite bila kusemwa. Pwani ya Uholanzi ni mchanga mtupu, wala haina jabali hata moja, na bado wachoraji wa tufani walipenda kuzitupa meli kwenye majabali marefu meusi. Mengine waliyatoa katika masimulizi ya Norway, mengine vichwani mwao. Wateja wao walikuwa wasikilizaji wa mahubiri, waliozoea kusikia kwamba chombo katika dhoruba ni nafsi ya mtu au ni dola, na jabali lilifanya hatari ionekane mara moja hata na mtoto. Mimi naliona jabali kuwa msaada usiohitajika. Mchanga huua pia. Zile meli za Texel hazikukuta miamba.

Hata hivyo yuko mmoja aliyeyastahili majabali yake, Ludolf Backhuysen. Alizaliwa Emden mwaka 1630, akaja Amsterdam akiwa karani wa nyumba ya biashara, akasifika kwanza kwa mwandiko mzuri. Kutoka kalamu alihamia brashi. Arnold Houbraken, aliyeandika maisha ya wachoraji mwanzoni mwa karne ya 18, anasema dhoruba ilipotishia Backhuysen alipanda mashua ndogo, akapelekwa mpaka mdomo wa bahari kutazama mawimbi yanavyovunjika, kisha akakimbilia nyumbani bila kusema na mtu ili asikipoteze kile macho yake yalichokiona. Picha yake ya mwaka 1667, iliyoko Washington katika Jumba la Taifa la Sanaa, ina meli tatu za mizigo zinazohangaika kukwepa miamba huku mabaki ya nyingine yakielea. Wingu limefunguka upande mmoja na mwanga wa dhahabu unapenya. Yeye hakutafuta huruma kama Porcellis. Alitaka utishike, na anafaulu. Mfalme Petro Mkuu wa Urusi alipokuja Uholanzi mwaka 1697 kujifunza ujenzi wa meli alikwenda kumwona Backhuysen akifanya kazi.

Habari za kina van de Velde ni za vita zaidi kuliko tufani, kwa hiyo nitazifupisha. Baba, Willem, alikuwa akikaa ndani ya mashua katikati ya mapigano akichora kwa kalamu mizinga ikilia. Hata vita vya siku nne vya mwaka 1666 alivishuhudia hivyo. Mwana, Willem vilevile, mwanafunzi wa de Vlieger, aligeuza michoro hiyo kuwa picha za rangi. Mwaka 1672 Uholanzi ilishambuliwa na Ufaransa na Uingereza kwa pamoja, biashara ya picha ikaanguka, na wawili hao wakahamia London. Mfalme Charles wa Pili akawapa paundi 100 kila mmoja kwa mwaka, na nafasi ya kufanyia kazi Greenwich. Fani ikawa ya Kiingereza. Mwaka 1801 mchoraji kijana wa Kiingereza, Turner, alionyesha picha ya tufani iliyochorwa makusudi ikae ubavuni mwa ile ya van de Velde mwana.

Tugeukie upande wetu. Meli za VOC zilifika mlango wa bahari yetu mapema: mwaka 1607, na tena mwaka 1608, ziliizingira ngome ya Wareno katika kisiwa cha Msumbiji, zikashindwa mara zote mbili. Waholanzi wakaelekeza nguvu zao Java, halafu Rasi ya Tumaini Jema, na mwambao wa Waswahili ukabaki nje ya picha zao. Lakini haukukosa wachoraji. Katika magofu ya Kilwa, Songo Mnara, Gede na Takwa, ndani ya misikiti na nyumba, watu walichonga vyombo kwenye lipu ya chokaa kwa ncha kali. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi juu ya michongo hiyo. Vyombo hivyo vina milingoti, kamba, makasia ya usukani, na matanga ya mraba kama yale ya mkeka ya mitepe, vyombo vya kale vya mwambao. Ni mkono wa watu waliojua kila fundo. Bahari yenyewe kwa kawaida hawakuichonga. Chombo kimesimama kwenye chokaa nyeupe bila wimbi wala wingu, kizima, hakijapatwa na lolote.

Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593, mwaka ule ule wa msiba wa Texel, ina ukuta mwingine wa namna hiyo. Askari au mabaharia wa Kireno, katika karne ya 17, walichora kwa makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, makanisa, watu. Ni watu wa wakati mmoja na Porcellis, wa bahari moja na manahodha wa VOC, nao pia waliichora meli ikiwa nzima. Na chini ya ngome hiyo hiyo meli halisi ilizama. Santo António de Tanná, frigeti iliyoundwa Bassein, India, mwaka 1681, ilikuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Tarehe 20 Oktoba 1697 ilizama karibu na ukuta wa ngome. Ngome ikaanguka Desemba 1698. Kati ya mwaka 1977 na 1980 wapiga mbizi, wakiongozwa na Robin Piercy na kushirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, waliyachimbua mabaki yake, na vitu vyake vinaonekana ngomeni leo.

Kisha tufani ya Unguja, 15 Aprili 1872. Upepo uliupiga mji mchana kutwa. Merikebu za Sultani Barghash zilivunjika bandarini pamoja na majahazi ya wafanyabiashara, na sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ya Unguja ikang'oka. Pemba iliponea chupuchupu, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu. Ili kujaza pengo la merikebu zake Barghash aliagiza nyingine, Glasgow, iliyoundwa Scotland mwaka 1878, nayo ikazamishwa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896. Backhuysen angepewa asubuhi moja tu ya bandari ile ya mwaka 1872 angechora mpaka afe.

Ziwa nalo lina tarehe zake, na hizi wengi wetu tunazikumbuka bila kitabu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, na zaidi ya watu 800 wakafa. Makaburi yao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu 228. Ajali hizi hazikuletwa na tufani. Zilikuwa za vyombo vilivyobeba kupita uwezo. Tufani za ziwa huua kwa uchache, mtumbwi mmoja usiku huu, mwingine wiki ijayo, na huua hasa wavuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Na usiku ndiyo saa ya pepo zile kugongana. Kutoka ufukoni taa huonekana kama mji. Radi ikianza, taa huanza kuzimika moja moja, na walio ufukoni hubaki kuhesabu zilizosalia.

Picha tulizonazo za misiba ya ziwa ni za kamera, nazo huonyesha asubuhi: tumbo la chombo limeelekea juu, boti za waokoaji zimelizunguka, umati uko ukingoni. Kamera hufika baadaye. Ile saa yenyewe, ya mtumbwi ulio nusu gizani na nusu kwenye mwanga, inahitaji mtu aliyekaa akatazama maji mpaka yakamkaa kichwani, kama alivyofanya karani wa Emden. Kakamega haikosi mikono. Vijana wanaochora mabango ya vinyozi na ya hoteli, ubavu wa matatu, ukuta wa kanisa, wanajua tayari kufanya kazi kwa haraka, kwa rangi chache, kwa malipo madogo na kwa tarehe iliyowekwa na mwenye fedha. Hali hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya Porcellis.

Basi ombi langu ni kwao. Kisumu ni kilomita 50 hivi kutoka hapa, na Port Victoria na Sio Port ziko Busia, kwa ndugu zetu Wanyala na Wasamia. Nendeni mkakae na wavuvi mchana wakitengeneza nyavu, mwulize taa huwekwaje na upepo hugeuka wapi, na usiku msimame ufukoni mtazame. Majabali msihangaike nayo. Mkirudi Shieywe tafuteni ubao, uwe mdogo tu, na muda mzuri wa kuanza ni alasiri wingu la Nandi linapopanda, kwa sababu wingu ni lile lile. Theluthi mbili za ubao lipeni hilo.